Waranti ya Subaru kuukuu: uirefushe, au uweke pesa zako?

Pengine umeshaupata ujumbe wa aina hii: waranti ya gari lako inaisha mwisho wa mwezi, irefushe kwa mwaka mmoja zaidi, lipa shilingi 6,500 kila mwezi kwa namba fulani ya Paybill. Umekaa zako kibarazani, simu mkononi, salio lipo, na kulipa ni kubonyeza mara nne tu. Urahisi huo ndio uliotufanya tuandike makala hii. Kulipa kwa simu kumekuwa kwepesi mno hata mtu hulipa kwanza, kisha ndipo akauliza amenunua nini. Na waranti ya gari lililozeeka ni bidhaa ya kuuliza kwanza.

Hapa kwetu ukisema gari la spoti, wengi watakuelewa Subaru. Mapenzi hayo yana historia yake: Patrick Njiru alimaliza wa nne Safari Rally ya 1994 akiendesha Impreza, Colin McRae akashinda ya 1997 kwa gari hilo hilo, Richard Burns naye akashinda ya 2000. Vijana waliozaliwa baada ya hapo bado wanajua mlio wa injini ile hata gari likiwa mbali. Kwa hivyo mfano wetu utakuwa Impreza ya turbo yenye umri wa miaka 12, iliyotoka Japani ikiwa imetumika na sasa inaishi Malindi. Lakini hesabu ni ile ile hata kama lako ni Mazda, Mercedes ya milango miwili au Forester ya turbo.

Kwanza tuelewane: unanunua nini?

Waranti ya kiwanda hupewa mnunuzi wa gari jipya, katika soko lilikouzwa. Gari lililoshushwa bandari ya Mombasa likiwa limeshatumika Japani kwa kawaida halina dai lolote kwa kiwanda. Unachopewa na yadi ni ahadi ya yadi yenyewe, mara nyingi ya miezi michache, na mara nyingi ni ya injini na giaboksi peke yake. Ahadi hiyo ikiisha, "kurefusha" ni neno la kibiashara tu. Ukweli ni kwamba unaingia mkataba mpya wa matengenezo, na pengine na kampuni tofauti kabisa na iliyokuuzia gari.

Watu wengi huchanganya mkataba huu na bima. Bima ya komprihensivu hulipa gari likigongwa, likiibwa au likiungua. Giaboksi ikikata pale njia panda ya Gede bila ajali yoyote, bima hiyo haikuhusu. Mkataba wa waranti ndio unaodai kuziba pengo hilo. Sasa, kama anayekuahidi kulipa hakuuza gari na wala hana gereji, muulize swali moja: pesa za kunitengenezea gari zitatoka wapi? Akisema nyuma yake kuna kampuni ya bima, taka jina lake kwa maandishi, kisha litafute kwenye orodha ya kampuni zilizopewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Akianza kuzungukazunguka, jibu umelipata.

Hebu tupige hesabu

Takwimu hizi ni za mfano, ziweke zako. Tuseme mpango ni 6,500 kwa mwezi, miezi 12. Hizo ni 78,000. Kila ukidai, 15,000 za mwanzo ni zako. Na kwa mwaka mzima kampuni haitalipa zaidi ya 200,000, hata uharibifu uwe mkubwa vipi.

Gari likikaa salama mwaka mzima, 78,000 zimekwenda. Likipata tatizo la 60,000, kampuni italipa 45,000. Bado uko chini kwa 33,000 ukilinganisha na mtu ambaye hakununua mpango. Ili mpango urudishe gharama yake kwa dai moja, lazima lije tatizo la 93,000 na zaidi, tena liwe la kifaa kilichotajwa kwenye mkataba.

Sasa chukua siku mbaya: injini na turbo zimekufa pamoja, bili ni 300,000. Kampuni inafika kikomo chake cha 200,000, wewe unaongeza 100,000. Ukijumlisha na ada umetumia 178,000. Bila mpango ungetumia zote 300,000. Hapo umeokoa 122,000, na hilo si jambo dogo.

Kwa hivyo unaweka dau la 78,000 ili ulipwe 200,000 siku mbaya ikija. Gawanya: 78,000 kwa 200,000 ni kama 0.39. Maana yake, ukiangalia uharibifu mkubwa peke yake, mpango huu una faida kama unaamini kwamba katika magari 10 kama lako, manne yataua injini mwaka huu. Unaamini hivyo? Na kama kweli unaamini, mbona bado unalo? Gari lenye hatari ya kiasi hicho ni la kutengenezwa sasa au kuuzwa.

Njia nyingine ni kuziweka zile 6,500 mwenyewe kila mwezi kwenye akiba ya simu iliyofungwa, usiiguse. Mwaka ukiisha bila tatizo unazo 78,000 zako, na mwaka wa pili unaanza na mto wa kulalia. Lakini tusidanganyane: gari likifa mwezi wa pili, akiba ina 13,000 tu. Huo ndio udhaifu wa njia hii. Anayeweza kupata pesa za dharura, kwa chama, kwa ndugu au kwa Sacco, anaweza kuubeba. Ambaye hana pa kushika kabisa, na gari ndilo linalomlisha kwa kupeleka wageni Watamu na uwanja wa ndege, kwake mpango wenye masharti mazuri unaweza kuwa na maana hata kama hesabu ya wastani inamkataa. Yeye ananunua uhakika wa kuwa barabarani. Gari la kutembelea Jumapili ni habari nyingine.

Pwani ina yake

Mikataba hii huandikwa na mtu aliye ofisini Nairobi, na gari letu linalala karibu na bahari. Upepo wa bahari, uwe wa kusi au wa kaskazi, unabeba chumvi. Chumvi inakula chini ya gari, inakula mapezi ya rejeta, inaingia kwenye vishikizo vya nyaya na alteneta. Sasa fungua mkataba wako uangalie neno kutu. Mara nyingi utalikuta kwenye orodha ya vitu ambavyo havilipwi. Rejeta iliyooza kwa chumvi hupoteza maji, injini inapata joto, gasketi ya hedi inakwenda. Fundi wa kampuni akija atasema chanzo ni kutu, na kutu hawalipi. Kwa maneno mengine, ugonjwa unaowezekana zaidi kuua injini yako hapa Pwani unaweza kuwa ndio ule ule walioutoa.

Halafu maji. Visima vingi vya ukanda huu vina maji ya chumvichumvi, na tabia ya kuongeza rejeta kwa dumu la maji ya kisima iko kila mahali. Kulanti sahihi ikishabadilishwa na maji hayo, unaiharibu injini polepole na unampa mwenye waranti sababu safi ya kukukatalia. Lita chache za kulanti zina faida kuliko ada ya mwezi mmoja ya mpango wowote.

Jambo la tatu ni umbali. Mkataba ukisema matengenezo yatafanywa kwenye gereji yao peke yake, na gereji iko Mombasa, kutoka Malindi hiyo ni kama kilomita 120. Nani analipa gari la kuvuta? Aliye Kilifi ana nusu ya safari hiyo, wa Malindi na Mambrui ndiye anayeumia. Na sevisi je? Mikataba mingi inataka sevisi zote zifanywe kwao, kwa tarehe zao, na risiti ziwepo. Fundi wako wa mtaani anaweza kuwa hodari kuliko wao, lakini oili aliyobadilisha yeye inaweza kuhesabiwa kama haikubadilishwa. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1975 inayomzuia mtoa waranti, kwa kawaida, kumfunga mteja kwenye spea au huduma za kampuni fulani kama sharti la waranti. Hapa usitegemee ukarimu huo, soma ulichoandikiwa.

Kwa gari la spoti, kuna kifungu kingine kinachouma: mabadiliko. Bomba la kelele, chipu ya kuongeza nguvu, turbo kubwa, springi zilizokatwa. Kama mwenye gari wa zamani aliligusa gari, wewe ndiye utakayebeba lawama. Na vitu vinavyolika kwa matumizi, yaani klachi, pedi za breki, bushi, shoki na matairi, karibu kila mpango unaviacha nje. Hivyo ndivyo Subaru ya kupita matuta ya barabara ya Mombasa–Malindi inavyokula kila mwaka.

Kagua kabla ya kuamua

Kabla ya kulipa hata shilingi, mpeleke gari fundi asiye na uhusiano na muuzaji wa mpango. Alisome kwa mashine, apime mgandamizo wa kila silinda, aangalie kama oili inavuja na kama kulanti inapungua. Muulize pia habari ya mkanda wa taimingi. Injini za Subaru za familia ya EJ, zikiwemo za WRX STI, zinatumia mkanda unaobadilishwa kama kila kilomita 100,000. Ukikatika, vali na pistoni hugongana. Injini za familia ya FB na FA zilizokuja baadaye zinatumia cheni. Kama hujui mkanda wako ulibadilishwa lini, na kilomita za dashibodi huna hakika nazo, badilisha. Hiyo ni kazi ambayo waranti haitakufanyia, na ikipuuzwa inaua injini yote.

Umri nao usikuchanganye. Sheria ya viwango vya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, ndiyo maana walioagiza mwaka 2025 walitakiwa kuchukua la 2018 au la baadaye. Namba ya Kenya inakuonyesha gari liliingia lini, haionyeshi lilitengenezwa lini. Uliza mpango unahesabu umri kutoka wapi, maana unaweza kulipa miezi sita kisha ukaambiwa gari lilishapita umri siku uliyojiunga.

Kwa maoni yetu, Impreza ya miaka 12 inayoishi Malindi, gereji ya mkataba ikiwa Mombasa na kutu ikiwa imetolewa, haistahili 78,000 hizo. Tungezigawa: sehemu kwa ukaguzi, mkanda, rejeta na kulanti sasa hivi, iliyobaki kwenye akiba. Tungebadili mawazo kama kuna gereji inayokubaliwa Malindi au Kilifi, kuvutwa kumelipiwa, na kikomo ni cha kila dai badala ya mwaka mzima.

Ukiamua kulipa

Lipa kwa Paybill au Till ya biashara, kamwe si kwa namba ya mtu binafsi, hata akisema yeye ni ajenti na "sistimu iko chini". Jina linalotokea kabla hujaweka PIN lifanane na jina lililo kwenye mkataba. Kwenye nafasi ya akaunti andika namba ya mkataba, si jina lako la utani. Ujumbe usioutarajia wenye haraka ndani yake, ati ofa inaisha leo saa sita usiku, uache ukae. Pigia kampuni kwa namba iliyo kwenye mkataba wenyewe.

Usitegemee picha za skrini pekee, simu hupotea. Kila baada ya miezi mitatu toa taarifa ya miamala yako na uihifadhi kwenye barua pepe. Dai lako likikataliwa, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamhesabu muuzaji kuwa ameahidi bidhaa na huduma za ubora unaofaa kuuzwa, na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya wateja. Madai yasiyozidi shilingi milioni 1 yanaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambako sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Kote huko, orodha ya miamala yenye tarehe na namba ya mkataba itakusaidia.

Na kama umeweka malipo ya kujirudia yenyewe, hakikisha mambo mawili. Salio liwepo siku ile, kwa sababu baadhi ya mikataba hufa ukichelewa siku chache tu. Na uweke tarehe ya mwisho inayolingana na mwezi wa 12, usiliache wazi, maana mkataba ukiisha agizo litaendelea kukata kila mwezi mpaka ulisimamishe mwenyewe kwenye menyu ya simu yako.