Bluu, Nyekundu na Kijani: Kuchagua Prosesa na Kadi ya Grafiki

Mwanzoni mwa 2017 aliyetaka prosesa kali kuliko zote kwa ajili ya gemu hakuwa na haja ya kuuliza mara mbili. Januari Intel ilitoa Core i7-7700K, yenye viini vinne, na katika vipimo vya gemu iliongoza. Machi AMD ikaja na Ryzen, familia mpya kabisa, na Aprili ikaongeza Ryzen 5 1600, prosesa ya viini sita kwa dola 219. Ilikuwa nafuu na ilifaa kwa kazi nyingi, lakini kwenye fremu kwa sekunde ilibaki nyuma ya Intel. Wapimaji walisema hivyo, na walisema kweli.

Oktoba mwaka huohuo Intel ilitoa Core i7-8700K, nayo ikiwa na viini sita. Soketi yake iliitwa LGA1151, jina lilelile la soketi ya 7700K, lakini mbao mama za awali hazikuipokea; aliyeitaka ilimlazimu anunue ubao mpya. AMD ilishika njia nyingine. Soketi yake ya AM4 iliendelea kupokea kizazi baada ya kizazi, na mwaka 2022 kampuni ilifungua mlango kwa mbao za 2017 zipokee familia ya Ryzen 5000. Watengenezaji wengi wa mbao walitoa BIOS mpya, yaani programu inayouamsha ubao na kuutambulisha kwa prosesa. Aliyeanza na Ryzen 5 1600 akaweza kuchomoa prosesa yake ya zamani na kuweka Ryzen 7 5800X3D, mojawapo ya prosesa kali za gemu za mwaka ule, bila kugusa ubao wala RAM.

Anayesoma kisa hiki haraka ataona ushindi wa AMD. Lakini kuna mashine nyingi, na sura hii itazifikia, ambamo kuchagua AMD ni kupoteza fedha. Rangi za kampuni hizi, bluu ya Intel, nyekundu ya AMD na kijani ya NVIDIA, zimezaa ushabiki kama wa timu za soka za Simba na Yanga, na ushabiki huo humgharimu mnunuzi. Chipu zenyewe hazina utii wa namna hiyo. Viini vya Ryzen za miaka ya karibuni na chipu za kadi za GeForce RTX 40 vimetengenezwa na kampuni moja ya Taiwan, TSMC. Hata Intel, yenye viwanda vyake, ilipotoa Core Ultra 200S mwaka 2024, sehemu yenye viini vya hesabu ilitengenezewa TSMC. Kinachopaswa kulinganishwa ni modeli kwa modeli, kwa bei ya siku ile, ndani ya mashine itakayoipokea, kwa gemu itakayochezwa.

Nani anamsubiri nani

Kila fremu inayoonekana kwenye skrini hupitia mikono miwili. Prosesa hutangulia: hukokotoa mpira umeruka wapi, adui amejificha nyuma ya ukuta gani, mchezaji amebonyeza kitufe kipi, halafu huandaa orodha ya vitu vya kuchorwa. Kadi ya grafiki hupokea orodha hiyo na kupaka rangi pikseli moja moja. Ili gemu iende kwa fremu 60 kwa sekunde, kazi yote ya fremu moja lazima ikamilike ndani ya milisekunde 16.7. Kwa fremu 144, muda huo hupungua hadi milisekunde 6.9.

Aliye mwepesi humsubiri aliye mzito, na ukubwa wa skrini ndio huamua mzito ni yupi. Skrini ya 1080p ina pikseli 2,073,600. Ya 4K ina 8,294,400, mara nne kamili. Mzigo huo wa ziada huangukia kadi, kwa kuwa prosesa hukokotoa mpira uleule bila kujali unachorwa kwa pikseli ngapi. Ndiyo maana mchezaji wa Counter-Strike 2 kwenye 1080p, anayetaka fremu mia kadhaa, hutegemea sana prosesa, ilhali mchezaji wa Cyberpunk 2077 kwenye 4K hutegemea kadi kwa karibu kila kitu.

Aliye na kompyuta tayari anaweza kupima mwenyewe kabla ya kutoa fedha. Afungue gemu anayoipenda, aangalie idadi ya fremu, kisha ashushe idadi ya pikseli kwenye mipangilio. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyolemewa. Zikibaki palepale, prosesa ndiyo inayochelewesha, na kadi mpya, hata iwe ya bei gani, haitabadilisha mengi.

Kache kubwa, saa ya polepole

Matangazo ya prosesa hupenda gigahezi na idadi ya viini. Tofauti ya prosesa mbili za AMD yenyewe inaonyesha kwa nini namba hizo hazitoshi. Ryzen 7 5800X ina viini vinane na saa yake hufika gigahezi 4.7. Ryzen 7 5800X3D, iliyotoka Aprili 2022, ina viini vinane vilevile na huishia 4.5. Kwa namba hizo peke yake, mtu angeiacha ya pili. Ila AMD ilibandika juu ya chipu hiyo tabaka la ziada la kache, kumbukumbu ndogo yenye kasi inayokaa ndani ya prosesa, ikatoka megabaiti 32 hadi 96. Gemu hurudiarudia data ileile, na kila inapoikuta kwenye kache, prosesa haipotezi muda kuifuata kwenye RAM. Katika gemu nyingi modeli yenye saa ya polepole ilimwacha ndugu yake mbali, na gemu za uigaji kama Microsoft Flight Simulator ziliifaidi zaidi. Katika kazi zisizo za gemu, 5800X ya kawaida ndiyo iliyotangulia kidogo. AMD iliendeleza njia hiyo kwa 7800X3D mwaka 2023 na 9800X3D mwaka 2024.

Kwa anayetaka fremu nyingi kuliko zote na mwenye bajeti nono, modeli hizo za X3D zilikuwa jibu la miaka hiyo. Chini ya hapo ushindani ulikuwa wa karibu sana. Core i5-12400F ya Intel, iliyotoka Januari 2022 ikiwa na viini sita, iliwafaa watu wengi kwa sababu ilikubali mbao za DDR4 na pia za DDR5, wakati soketi mpya ya AMD, AM5, inapokea DDR5 tu. Aliye na RAM nzuri ya DDR4 mkononi huokoa gharama hapo. Asisahau tu kwamba herufi F humaanisha prosesa haina grafiki ya ndani: bila kadi, skrini haitaonyesha kitu.

Sifa ya zamani nayo haimlindi mnunuzi. Kwa miaka mingi Intel ilisifiwa kwa uthabiti. Mwaka 2024 ikabidi ikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikiharibika polepole kwa kupewa volteji iliyozidi. Kampuni ilitoa marekebisho kupitia BIOS na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Anayenunua prosesa ya vizazi hivyo ikiwa imetumika anapaswa kuuliza kama BIOS ya mashine ile ilisasishwa, kwa sababu marekebisho huzuia uharibifu mpya na hayaponyi ule uliokwisha kutokea.

Kadi: kumbukumbu, programu na umeme

Kwa upande wa kadi, NVIDIA ilijitenga mwaka 2018 ilipoleta familia ya RTX 20. Ilileta mambo mawili: uwezo wa kufuatilia miale ya mwanga ili vivuli na viakisi vionekane vya kweli, na DLSS, mfumo wa kuchora picha kwa pikseli chache kisha kuikuza kwa akili bandia. AMD ilijibu Juni 2021 kwa FSR, iliyokubali kadi nyingi, zikiwemo za NVIDIA za zamani, ingawa picha yake haikuwa safi kama ya DLSS. Mwaka 2025 AMD yenyewe ilihamia akili bandia kwa FSR 4, ikaitoa kwanza kwa kadi zake mpya za RX 9000. Mchezaji anayejali miale ya mwanga, au anayetumia kadi hiyohiyo kwa kazi ya Blender, programu ya michoro ya 3D, bado ana sababu nzito ya kuangalia kijani kwanza.

Asiyejali hayo aangalie kumbukumbu ya kadi. NVIDIA iliuza RTX 4060 Ti ya gigabaiti 8 kwa dola 399 na ya gigabaiti 16 kwa dola 499, zote zikitumia chipu moja. Katika gemu nyepesi hazitofautiani. Katika gemu nzito zenye michoro ya ubora wa juu, ile ya 8 hujaa, na gemu huanza kukwamakwama au kuonyesha kuta zenye ukungu. AMD kwa kawaida imekuwa ikitoa kumbukumbu zaidi kwa bei ileile. RX 7600 XT ilianza kwa dola 329 ikiwa na gigabaiti 16.

Umeme pia ni bei. RTX 4060 imepimwa kwa wati 115 na RX 7600 kwa wati 165. Kwa anayecheza saa nne kila siku kwa mzigo kamili, tofauti hiyo ni takriban uniti sita kwa mwezi. Anayenunua umeme kwa LUKU, mfumo wa malipo ya kabla wa Tanzania, anaweza kuigeuza kuwa fedha mara moja, na kuilinganisha na dola 30 zilizotenganisha kadi hizo zilipotoka mwaka 2023.

Intel nayo imeingia sokoni kwa kadi za Arc. B580 ya Desemba 2024, kwa dola 249 na gigabaiti 12, ilipokewa vizuri sana. Wiki chache baadaye wapimaji waliichomeka kwenye kompyuta zenye prosesa za zamani na fremu zikashuka, kwa sababu programu zinazoiongoza zilihitaji nguvu nyingi ya prosesa. Kadi ya bei nafuu ikawa haifai hasa kwa yule mwenye mashine ya zamani, ambaye ndiye angeitamani zaidi.

Kompyuta iliyostaafu ofisini

Katika maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, au Kariakoo, Dar es Salaam, safari ya wachezaji wengi huanza na mashine iliyotumika ofisini, kwa mfano Dell OptiPlex yenye Intel ya kizazi cha nane. Hapa uchaguzi hufinywa na sanduku lenyewe. Pawa saplai yake ni ndogo na mara nyingi haina waya wa kulisha kadi, hivyo kadi lazima iridhike na wati 75 zinazotoka kwenye nafasi ya ubao. Sanduku likiwa jembamba, kadi iwe ya kimo kifupi.

RX 6400 ya AMD inatimiza masharti yote hayo, tena hutumia wati 53 tu. Tatizo liko kwenye njia zake za kupitisha data: ni nne, na zimetengenezwa kwa PCIe 4.0. Mashine ya kizazi cha nane ina PCIe 3.0, ambayo hupitisha nusu ya kasi hiyo, na kwa kadi yenye gigabaiti 4 tu kizuizi hicho huonekana wazi. RTX 3050 ya gigabaiti 6, iliyotoka Februari 2024, ina njia nane, inatumia wati 70 bila waya wa ziada, na baadhi ya watengenezaji waliitoa kwa kimo kifupi. Ndani ya sanduku hili, NVIDIA ndiyo chaguo la busara. GTX 1650 ya 2019, ikipatikana kwa bei ya chini, bado inacheza EA Sports FC vizuri.

Kadi iliyotumika isinunuliwe kama mbuzi ndani ya gunia. Muuzaji aombwe kuichomeka kwenye kompyuta ya dukani, gemu nzito ifunguliwe na iachwe nusu saa, huku mnunuzi akiangalia joto, akisikiliza feni na kuchunguza kama kuna madoa au mistari inayotokea kwenye picha. Namba ya modeli isomwe kwenye programu kama GPU-Z badala ya kwenye kasha, kwa kuwa kuna kadi za zamani zilizobadilishwa BIOS ili zijitaje kwa majina ya mpya, na programu hiyo huweza kuzitambua. Dhamana, hata ikiwa ya siku chache, iandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya mfululizo ya kadi yenyewe.