Mzazi, kodi ya ardhi inakuhusu hata kama huna ploti

Wazazi wengi huona kodi ya ardhi ya kaunti kuwa shida ya mwenye ploti. Lakini landilodi akiongezewa, naye huweza kuongeza kodi ya nyumba, na pengo hilo huzibwa kwa pesa za karo na unga.

Katiba ya 2010, kifungu cha 209, inaziruhusu kaunti zote 47 kutoza kodi hiyo. Katiba hiyo hiyo inazikabidhi kaunti chekechea na zahanati. Kwa hivyo una haki ya kuuliza pesa zako zimemfaa nini mtoto.

Swali hilo lina msimu wake. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Wananchi hualikwa kutoa maoni kabla hayajapitishwa. Ukingoja Agosti, utabaki kulalamika tu.

Ukienda mkutanoni, usiishie kusema kodi imezidi. Tafuta wadi yako kwenye makadirio. Chekechea gani itajengwa? Kwa shilingi ngapi? Ile ya mwaka jana ilikamilika? Viwango vya ada navyo huwa katika Mswada wa Fedha, ambao pia huletwa kwa maoni.

Mkiwa wazazi kadhaa, gawaneni kazi: mmoja asome, mwingine aulize, wa tatu aandike majibu. Mwaka ujao mtaanzia kwenye majibu hayo.