TAARIFA KWA WANANCHI: SABABU ZA KUPASUKA KWA VYUNGU NA VYOMBO VYA KIOO

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wanaarifiwa kuwa vyungu, vyombo vya kauri na vya kioo havipasuki bila sababu. Vyote hustahimili sana kugandamizwa, lakini havistahimili kuvutwa. Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza, A. A. Griffith, alieleza kuwa udhaifu wa kioo hutokana na nyufa ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Nguvu ya mvuto hukusanyika kwenye ncha ya ufa, na ufa hurefuka.

JOTO: Bilauri nene ikimiminiwa maji ya moto, upande wa ndani hutanuka kabla ya upande wa nje kupata joto, upande wa nje huvutwa na kupasuka. Chungu, ingawa ni dhaifu kuliko kioo, hustahimili mafiga kwa kuwa mfinyanzi huchanganya udongo na mchanga au vigae vilivyotwangwa. Chembe hizo, pamoja na vitundu vya udongo, huuzuia ufa usiendelee.

UNYEVU: Maji huingia kwenye ncha ya ufa wa kioo na kukata viungo vya silikoni na oksijeni. Ndiyo maana kioo chenye mkwaruzo, kikiwa kimebanwa katika fremu, huweza kupasuka baada ya siku nyingi pasipo mtu kukigusa.

TOFAUTI YA HEWA: Mtinko, Mkoani Singida, ina msimu mmoja wa mvua, na wakati wa kiangazi hewa huwa kavu. Chungu kibichi kikianikwa huko juani na penye upepo, hukauka nje kabla ya ndani. Upande wa nje hunywea na kupata nyufa. Huku Visiwani hewa ina unyevu, hivyo chungu huweza kuonekana kikavu nacho kingali na maji ndani. Kikitiwa motoni kwa haraka, maji hayo hugeuka mvuke unaotaka nafasi zaidi ya mara 1,500 ya ile ya maji, na chungu hulipuka. Kazi ya siku nyingi hupotea, na waliopo huweza kujeruhiwa.

Kwa hiyo wananchi wote wanashauriwa:

(a) Kuanika vyungu vibichi kivulini, na kuvipasha moto polepole kabla ya kuvichoma.

(b) Kutomimina uji au chai ya moto katika chupa au bilauri baridi, hasa iliyokwaruzika, kwa kuwa wanaoungua mara nyingi ni watoto.

(c) Kutogusisha maji kwenye kioo cha taa ya chemli kabla hakijapoa.

(d) Kufunga vipande vya kioo katika karatasi nene na kuvifukia mbali na njia.

Chombo chenye ufa, hata kama hakivuji, kisitumiwe tena kwa vitu vya moto.