Ndege za Kivita Katika Hewa Nyembamba: Mambo Yanayofunzwa na Simuleta

Mwanafunzi wangu mmoja alinijia siku moja na malalamiko. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta akirusha ndege ya kivita katika simuleta, yaani programu inayoiga mwendo wa ndege. Karibu na ardhi aliweza kumfuata adui katika kila kona. Lakini alipopanda hadi mita 12,000 na kuvuta usukani kwa nguvu ile ile, ndege ilitetemeka, ikapoteza mwendo, ikaanza kuanguka. Alidai kwamba programu ina kasoro. Nilimwambia kwamba programu haina kasoro hata kidogo, na kwamba yeye ndiye aliyesahau hewa.

Ndege huinuliwa na hewa inayopita juu na chini ya mabawa yake. Kani ya kuinua hutegemea mambo manne: msongamano wa hewa, mraba wa mwendo wa ndege, eneo la bawa, na pembe ambayo bawa linaikabili hewa. Kwenye usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.225. Juu ya kilele cha Kilimanjaro kiasi hicho kimepungua hadi kukaribia nusu, na ndiyo maana wapandaji huhema. Kwenye mita 12,000 imebaki kilo 0.31 tu, yaani robo.

Sasa natufanye hesabu. Tuchukue ndege ambayo, karibu na bahari, haiwezi kuruka kwa mwendo ulio chini ya mita 70 kwa sekunde. Hewa ikipungua hadi robo, mraba wa mwendo hauna budi kuongezeka mara nne, kwa hiyo mwendo wenyewe huongezeka mara mbili: mita 140 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa kwenda moja kwa moja tu. Rubani akitaka kupinda kwa ukali kiasi cha mabawa kubeba mara nne ya uzito wa ndege, mwendo huo nao lazima uwe maradufu, yaani mita 280 kwa sekunde. Kwenye kimo hicho baridi hufikia nyuzi 56 chini ya sifuri, na sauti husafiri mita 295 tu kwa sekunde, ambapo karibu na bahari husafiri mita 340. Hivyo kona ambayo kule chini ilikuwa jambo la kawaida, kule juu inamdai rubani akaribie mwendo wa sauti. Na hapo hewa inayobanwa mbele ya bawa huanza kuleta matata yake yenyewe, ambayo hesabu yetu imeyaacha kando.

Isitoshe, kona yenyewe hupanuka. Kwa mwendo wa mita 140 kwa sekunde na mzigo huo wa mara nne, nusukipenyo cha duara ni kama mita 516, na ndege hulimaliza duara zima kwa sekunde 23. Kwa mita 280 kwa sekunde, nusukipenyo kinazidi kilometa 2, na duara huchukua sekunde 46. Rubani anayejaribu kulibana duara hilo kwa kuvuta usukani zaidi huongeza pembe ya bawa kupita kiasi. Hewa huachana na mgongo wa bawa, kani ya kuinua hutoweka, na ukinzani huongezeka ghafla. Karibu na ardhi, injini ingeweza kuurudisha mwendo uliopotea. Lakini injini ya jeti nayo huishi kwa hewa. Hewa ikiwa haba, msukumo wake hupungua sana.

Basi rubani afanye nini? Kitu alicho nacho kwa wingi kule juu ni kimo. Akiinamisha pua na kushuka mita 1,000 kutoka mwendo wa mita 280 kwa sekunde, atafikia kama mita 313, tukiacha ukinzani. Kwa sababu hiyo marubani wa simuleta waliozoea hupinda kwa upole wakiwa juu, huinamisha pua kidogo wanapopinda, wala hawaachi mwendo upungue kwa tamaa ya kumlenga adui mapema. Tena huangalia namba ya Mach, yaani uwiano wa mwendo wa ndege na mwendo wa sauti. Kipima mwendo cha kawaida hupima kanieneo la hewa inayogonga mrija wake. Kwenye hewa nyembamba husoma karibu nusu ya mwendo halisi, na asiyelijua hilo hudhani anakwenda polepole.

Kuna hatari nyingine iliyojificha zaidi. Ndege inapoyumba, ni hewa inayopiga mkia na mabawa ndiyo inayoituliza. Hewa ikipungua, utulizaji hupungua, ingawa uzito wa kiwiliwili haujapungua. Mwendo unapozidi ule wa sauti, mkia nao huzidi kupoteza uwezo wa kuinyoosha pua. Ndege ndefu na nyembamba ikianza kujiviringisha katika hali hiyo, uzito wa pua na wa mkia huvutwa nje kama jiwe la teo, na ndege hugeuka ubavu. Hapo usukani haufui dafu.

Jambo hili liligharimu maisha. Tarehe 27 Septemba 1956, huko Edwards, California, rubani Milburn Apt aliruka kwa ndege ya utafiti ya roketi, Bell X-2. Ndiyo mara yake ya kwanza kurusha ndege ya roketi. Kabla ya siku hiyo alikuwa ameonyeshwa kwenye kompyuta iliyoiga X-2, mtambo usiofanana kabisa na michezo ya leo, kwamba katika mwendo mkubwa hapaswi kuongeza pembe ya bawa, kwani ndege ingepoteza uthabiti wa pua. Apt aliruka barabara mno. Kwenye kimo cha karibu mita 20,000 alifikia mara 3.2 ya mwendo wa sauti, na hakuna mwanadamu aliyewahi kufika mara tatu kabla yake. Kisha, kabla mwendo haujapungua, alianza kupinda kurudi nyumbani. Yawezekana alihofia kupita mbali mno na ziwa kavu la kutulia. Ndege ilijiviringisha, ikapinduka pande zote. Alifaulu kukitenga chumba cha rubani na kiwiliwili cha ndege, lakini hakuwahi kutoka kwa mwavuli wake mwenyewe.

Kompyuta ilikuwa imesema kweli. Wahandisi waliliweka jambo hilo moyoni, na kwa ndege ya X-15, iliyoanza kuruka mwaka 1959, kila safari ya dakika kumi hivi ilitanguliwa na saa nyingi za mazoezi ndani ya simuleta.

Simuleta ya leo hufanya kazi hiyo hiyo kwa wepesi zaidi. Mara nyingi katika kila sekunde huuliza kimo, hutafuta msongamano wa hewa, hukokotoa kani, kisha kwa kanuni za Newton hupata mchapuko na mahali papya pa ndege. Haiwezi kumpa mchezaji uzito unaokandamiza kifua, wala baridi, wala ukosefu wa oksijeni. Mwanafunzi wangu alipoanguka, alibonyeza kitufe akaanza upya.

Walimu wa fizikia wanaweza kuwapa wanafunzi hesabu yetu wairudie kwa kimo cha mita 18,000, ambako msongamano ni kilo 0.12 kwa mita ya ujazo na sauti bado husafiri mita 295 kwa sekunde. Watakuta kwamba ndege ile ile huhitaji zaidi ya mita 220 kwa sekunde ili ibaki angani tu, na kwamba kona ya mzigo wa mara nne haiwezekani ila kwa mara moja na nusu ya mwendo wa sauti.