Treni Isiyo na Kichwa

Mtu wa Matiliku aendaye Emali kupanda treni amekwisha kuzoea umbo lake: mbele kichwa kizito chenye injini ya dizeli, na nyuma yake mabehewa yakivutwa. Ndivyo ilivyo Madaraka Express tangu ilipoanza kuchukua abiria mwaka 2017. Lakini katika nchi ya jirani, Tanzania, iko treni ambayo msafiri akikitafuta kichwa chake hakioni. Watu wameiita Mchongoko kwa sababu ya pua yake iliyochongoka, nayo ilianza safari za Dar es Salaam na Dodoma mwezi wa Novemba 2024. Jina la "gari la moshi" haliifai hata kidogo, kwani haina tangi la dizeli wala bomba la kutolea moshi.

Basi yaendaje? Juu ya njia umetandazwa waya wenye umeme wa volti 25,000. Umeme uwashao taa majumbani mwetu ni volti 240 tu, kwa hiyo huu wa reli waupita zaidi ya mara mia. Juu ya paa la treni pana mkono wa chuma ukunjukao na kuugusa waya. Umeme huteremka kwa mkono huo, hupunguzwa nguvu katika transfoma, kisha hupelekwa kwenye mota zilizofungwa chini ya sakafu, karibu na magurudumu. Mota hizo hazikuwekwa mahali pamoja. Zimegawanywa chini ya mabehewa kadha wa kadha. Treni moja ina mabehewa manane, na kila mwisho una chumba cha dereva, hata ifikapo stesheni ya mwisho hapana haja ya kugeuza kitu. Dereva huhamia upande wa pili, akaondoka.

Faida yake ni hii. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza upesi, na kichwa kivutacho peke yake hakina budi kiwe kizito sana ili magurudumu yake yashike. Fikiri gogo kubwa la mti. Mtu mmoja mwenye nguvu akiliburura, miguu yake huteleza katika udongo. Watu wanane wakilishika, kila mmoja mahali pake, huondoka nalo mara moja. Ndiyo maana treni ya namna hii hushika mwendo upesi, na ile ya Tanzania, iliyoundwa na Hyundai Rotem ya Korea, hufika kilomita 160 kwa saa. Tena wakati wa kusimama mota zaweza kugeuka dinamo, zikafanya umeme badala ya kuula.

Kwa sababu hiyo treni hizi hupendwa hasa pale stesheni zilipo karibu karibu. Katika Japani, kampuni ya Hankyu ya Osaka, ambayo njia yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1910, hupeleka wafanyakazi mjini na kuwarudisha kwa treni za namna hiyo. Hata Nairobi twaona jamaa zake: treni zilizotumiwa kwanza kisiwani Mallorca, Hispania, na kuanza kazi hapa mwaka 2020, nazo hazina kichwa, ila zinakwenda kwa dizeli.

Mbona basi si kila njia ina umeme? Nguzo, waya na vituo vya umeme hugharimu fedha nyingi, na njia yenye treni chache hairudishi gharama hiyo. Tena dizeli huchukua chakula chake mgongoni. Treni ya umeme ikikosa umeme husimama. Mwishoni mwa Julai 2024 treni ya Tanzania ilikwama njiani, na Shirika la Reli likaeleza kwamba ngedere na ndege ndio waliosababisha hitilafu ya umeme. Msomaji atacheka, lakini abiria waliokuwa wakingoja hawakucheka.

Kwa upande mwingine, dizeli yetu hununuliwa ng'ambo, na umeme wapatikana nyumbani: Tanzania kwa maji ya Rufiji, Kenya kwa mvuke wa ardhini kule Olkaria. Kwa maoni yetu, atakaye kujua kama waya zitafaa kupita Emali na aulize kwanza ni treni ngapi zitakazopita kwa siku.

Na ye yote atakayefika penye reli ya umeme asipande juu ya behewa, wala asiinue fimbo ya chuma chini ya waya. Umeme wa volti 25,000 waweza kuruka hewani na kumpata mtu ambaye hakuugusa.