Sentensi Moja ya Filamu ya Mauaji

Kabla ya mswada wa filamu kusomwa, huombwa kwanza sentensi moja inayobeba kisa chote. Katika kisa cha upelelezi sentensi hiyo ina ugumu wake: yapasa ioneshe fumbo bila kulifumbua.

Mathalani, riwaya ya *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960. Kusema "Bwana Msa anamtafuta muuaji" ni kusema kidogo mno. Kila mpelelezi hufanya hivyo. Afadhali: "Tajiri anapokutwa ameuawa penye mzimu, mpelelezi mvuta kiko anatafuta mkono wa binadamu."

Mwandishi wa Bunia ana tatizo la ziada. Katika Ituri, iliyopitiwa na vita vya 1999 hadi 2003 na mauaji mengine baadaye, maiti peke yake haizui swali. "Mpima dhahabu auawa Mongbwalu" ni habari, si kisa. Kisa huanza pale mtu mmoja anapokataa kifo kimoja kihesabiwe tu pamoja na vingine: "Mjane anayeambiwa kuwa mumewe, mpima dhahabu, aliuawa na wanamgambo, anagundua kuwa mizani ya marehemu ilifika nyumbani kabla ya maiti."

Hapa yupo mtafutaji, ipo kauli inayotiliwa shaka, na muuaji hakutajwa. Kinachokosekana ni hatari: mjane atapoteza nini akizidi kuuliza? Ikiongezwa kwamba yeye na wanawe wanalishwa na shemeji yake, aliyeileta mizani ile, sentensi imetimia.