Jina na Nembo ya Shirika la Afya ya Watoto: Mfano wa Kayole

Chanjo ya pili ya surua ilianzishwa nchini Kenya mwaka 2013, nayo hutolewa mtoto anapotimiza miezi 18. Katika umri huo mtoto hajui kusoma, lakini anajua kukumbuka: koti jeupe na sindano vimekwisha kumliza mara kadhaa. Hivyo basi, shirika lisilolenga faida linalotaka kuwahudumia watoto wa Kayole, mashariki mwa Nairobi, huanza kazi kwa kukutana na mtoto ambaye tayari analiogopa. Asipoletwa tena kliniki, kinga yake haikamiliki.

Wabunifu wengi hukimbilia msalaba mwekundu. Alama hiyo inalindwa na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 pamoja na sheria za Kenya, na kuitumia bila idhini ni kosa. Hata isingekatazwa, isingefaa, kwani hukumbusha vita na dharura. Afadhali mnyama. UNICEF ilipombuni Sara, msichana wa vibonzo aliyejulikana Afrika Mashariki na Kusini katika miaka ya 1990, ilimpa rafiki tumbili aitwaye Zingo.

Suala la jina ndilo linalowahusu zaidi wanaisimu. Linda Mama, mpango wa serikali uliozinduliwa mwaka 2016, lilikuwa jina zuri, ila kitenzi chake kiko katika hali ya kuamrisha na anayeamrishwa ni mtu mzima. Malezi Bora nalo humsemesha mzazi. Katika majina haya mtoto husemewa tu, hasemeshwi. Umbo la udogo lina mtego wake: 'kitoto' huweza kudokeza dharau. 'Mtoi' la Sheng lina uchangamfu wa mtaani, lakini Sheng hubadilika upesi kuliko rangi ya ukutani. Labda njia iko katika fonolojia. Maneno ya awali ya mtoto, kama 'mama', 'baba' na 'dada', yana silabi wazi zinazojirudia. Jina lenye umbo hilo atalitamka mwenyewe.

Mwisho kuna ukuta. Matangazo mengi ya Eastlands huchorwa kwa brashi, juu ya mabati na kuta za maduka. Nembo yenye rangi saba zinazofifiana hupendeza kwenye kompyuta, kisha hupotea mkononi mwa fundi mwenye mikebe miwili ya rangi. Tumbili akitokea na meno makali, mtoto atarudi nyuma ya leso ya mamake.